Kufungua Mkopo kwa Jina la Mwenzi Wakati wa Talaka: Hatari za Kisheria na Hatua za Kuchukua

Ndoa haimpi mtu mkono wa pili wa kutilia saini. Jambo hili linaonekana wazi hadi siku kesi ya talaka inapoanza, fedha za nyumbani zinapogawanyika, na mmoja wa wanandoa anapokumbuka kwamba anaijua namba ya kitambulisho cha mwenzake, tarehe yake ya kuzaliwa, kipato chake, jibu la swali lake la siri na pengine hata namba ya siri ya simu yake. Akiwa na maarifa hayo anaweza kujaza fomu ya kadi ya mkopo au kuomba mkopo wa simu kwa dakika chache, na mkopeshaji asijue kwamba anayejibu maswali si yule aliyetajwa kwenye fomu. Hata kama fedha zote zitaishia kwenye karo na kodi ya nyumba, mtu huyo ametumia idhini ambayo hakupewa, tena ameitumia katika kipindi ambacho mahakama inachunguza kila senti iliyoingia na kutoka.

Mwongozo huu unawahusu watu wawili kwa pamoja: anayefikiria kufanya hivyo au aliyekwisha kufanya, na yule aliyekuta deni asilolijua likiwa na jina lake. Sikuwatenganisha, kwa sababu kila mmoja hujilinda vizuri zaidi akijua mwenzake anaweza kufanya nini kisheria. Sheria za ndoa na za mikopo hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo mifano ya nchi mbalimbali imetolewa ili kuonyesha upana wa tofauti hizo, na uamuzi wa mwisho katika shauri lolote unahitaji wakili wa mahali husika.

Hatua ya kwanza: Litambue deni lenyewe

Kabla ya kumshutumu mtu au kuanza kujitetea, pata maandishi ya akaunti inayohusika, kwa sababu madeni yanayofanana machoni pa wanandoa hayafanani mbele ya sheria. Akaunti ya pamoja ni ile ambayo wote wawili waliiomba na kuitilia saini, na kwa kawaida kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote, si nusu yake, hata kama ni mmoja tu aliyetumia fedha. Kadi ya ziada ni kitu kingine: mwenye akaunti ndiye aliyeomba mwenzake apewe kadi, na kwa hiyo mwenye akaunti ndiye anayedaiwa, matumizi ya kadi hiyo hayageuki kuwa wizi wa utambulisho kwa sababu tu mapenzi yamekwisha, ingawa yanaweza kuhesabiwa kuwa ubadhirifu wakati wa kugawana mali. Udhamini nao una kanuni zake, kwani mdhamini ameahidi kulipa pale mkopaji atakaposhindwa.

Kundi linalohusika hapa ni la akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mtu ambaye hakuiomba. Ndani ya kundi hilo ingiza pia mambo mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza ni kumwandika mwenzi kuwa mwombaji mwenza na kumtilia saini, ili kipato chake kiusaidie mkopo kupita. La pili ni kupiga simu benki kwa kujifanya yeye na kuomba kiwango cha kadi yake ya zamani kipandishwe. Katika hali zote mbili hakuna akaunti mpya iliyofunguliwa kwa jina lake peke yake, lakini udanganyifu ni uleule.

Baada ya aina ya deni, angalia tarehe. Andika tarehe mkopo ulipoombwa, tarehe mlipotengana na tarehe shauri la talaka lilipofunguliwa, kisha uziweke pamoja. Katika majimbo tisa ya Marekani yenye mfumo wa mali ya pamoja ya wanandoa, yakiwemo California, Texas na Arizona, deni lililoingiwa wakati wa ndoa linaweza kuigusa mali ya pamoja hata kama lina jina la mmoja tu, na hivyo tofauti ya siku chache kati ya kutengana na kukopa inaweza kubadilisha mzigo mzima. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawataka wanandoa wagawane sawa deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaielekeza mahakama, inapogawa mali, izingatie madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili. Kwa hiyo swali la fedha zilikwenda wapi lina uzito mkubwa, lakini ni swali la mgawanyo wa mali. Halijibu kama saini ilikuwa halali.

Hatua ya pili: Fahamu kosa linapoanzia

Kiini cha kosa ni kukosekana kwa idhini pamoja na kumdanganya mkopeshaji. Idhini inayokubalika ni ya mkopo huu, kwa kiasi hiki, wakati huu. Mume ambaye kwa miaka mingi alimwachia mke wake kazi ya kulipa bili na kuingia kwenye akaunti zake hakumpa ruhusa ya kuchukua mkopo mpya baada ya hati za talaka kufikishwa mahakamani, na ni hivyohivyo kwa mke. Mazoea ya nyumbani husaidia kueleza kwa nini mtu aliamini kwamba ameruhusiwa, na huenda yakapunguza ukali wa shauri, lakini baada ya kutengana hoja hiyo hudhoofika haraka, kwa kuwa ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba mtu unayeshindana naye mahakamani alikuruhusu uongeze madeni yake.

Watu wengi huhesabu aliyedhulumiwa kuwa mmoja, yaani mwenzi. Sheria huwaona wawili, kwa sababu mkopeshaji naye amepewa taarifa za uongo kuhusu nani anakopa. Hapa yanatoka matokeo mawili yasiyotarajiwa. Kwanza, msamaha wa mwenzi hauufuti mkono wa jinai, kwani benki bado inaweza kulalamika na mwendesha mashtaka hafungwi na mapatano ya wanandoa. Pili, hata mwenzi akikubali kwa mdomo, anayepiga simu na kusema kwamba yeye ndiye fulani, au anayejaza fomu kana kwamba yeye ndiye mwombaji, bado amemdanganya mkopeshaji. Kama kweli mwenzi amekubali, basi ajaze fomu mwenyewe.

Adhabu zinatofautiana sana. Marekani iliutaja wizi wa utambulisho kuwa jinai ya shirikisho mwaka 1998, na sheria hiyo haina mlango wa kutokea kwa ajili ya wanandoa. Kutoa taarifa za uongo kwa benki ili kupata mkopo kunaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 30 na faini ya hadi dola milioni 1, na sheria ya mwaka 2004 inaongeza kifungo cha lazima cha miaka 2 pale utambulisho wa mtu mwingine unapotumiwa katika makosa fulani makubwa. Mashauri ya wanandoa, yakifika kwenye jinai, mara nyingi huangukia sheria za majimbo, lakini viwango hivyo vinafaa kumfikirisha anayeliona jambo hili kuwa ugomvi wa sebuleni. Nchini Uingereza, Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006 inafikia kifungo cha miaka 10. Kenya ina kosa la kuiba utambulisho na kujifanya mtu mwingine katika sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, lenye kifungo cha hadi miaka 3, faini ya hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Tanzania nayo inalishughulikia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Juu ya hayo kuna kughushi, ambako karibu kila nchi imekuandika katika kanuni zake za adhabu tangu zamani.

Wapo wanaojitetea kwa kanuni ya kale kwamba mke anaweza kukopa kwa jina la mume ili apate mahitaji ya lazima. Uingereza iliifuta kanuni hiyo mwaka 1970. Sheria ya Ndoa ya Tanzania imeihifadhi dhana ya namna hiyo, lakini inahusu mahitaji ya lazima ya mke na watoto, tena mume anaweza kuipinga kwa ushahidi. Hata pale inapokubalika, kanuni hiyo humruhusu mke aseme wazi kwamba anakopa kwa niaba ya mume. Haimruhusu ajifanye yeye ndiye mume. Ufaransa ina kanuni inayowafunga wanandoa wote wawili kwa madeni ya matumizi ya nyumbani, ila mikopo iliyochukuliwa na mmoja hutolewa nje ya kanuni hiyo isipokuwa iwe midogo na ya mahitaji ya kila siku. Afrika Kusini ni kali zaidi kwa waliooana katika mali ya pamoja: mmoja huhitaji idhini ya maandishi ya mwenzake kabla ya kuingia mkataba wa mkopo hata kwa jina lake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Kama fedha zinakubana, pita njia iliyo wazi

Sababu ya kawaida ya kosa hili si tamaa. Ni kwamba mmoja ameondoka na mshahara, mwingine amebaki na watoto na bili, na kila taasisi inamwambia kwamba kipato chake ni kidogo mno. Dawa ya hali hiyo iko mahakamani. Mahakama za familia katika nchi nyingi zinaweza kutoa amri ya matunzo ya muda kabla shauri halijakwisha, zikaamuru mmoja aendelee kulipa kodi ya nyumba au rejesho la mkopo wa nyumba, na baadhi zinaweza kuruhusu sehemu ya mali itumike kugharimia wakili. Maombi hayo yapelekwe mapema, yakiwa na orodha ya matumizi ya mwezi na risiti zake, kwa sababu jaji anayeona upungufu ulioandikwa kwa tarakimu huamua haraka kuliko anayesimuliwa tu kwamba maisha ni magumu.

Ukilazimika kukopa, kopa kwa jina lako. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya fursa sawa ya mikopo inamkataza mkopeshaji kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya hali yake ya ndoa, na anayestahili kwa kipato chake mwenyewe halazimiki kuleta saini ya mwenzake, isipokuwa katika hali chache zinazohusu mali ya pamoja au dhamana. Soma pia hati za mahakama kabla ya kukopa: huko California wito wa talaka huja na amri za zuio zinazowafunga wote wawili tangu mwanzo, zikiwakataza kuhamisha, kuficha au kuweka rehani mali bila idhini ya maandishi au ruhusa ya mahakama, nje ya mahitaji ya lazima na shughuli za kawaida za biashara.

Kuhusu hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, iliyotolewa wakati mambo yalipokuwa mazuri, tahadhari. Hati hiyo inaweza kuwa bado hai, kwa sababu kutengana peke yake mara nyingi hakuifuti, lakini mwakilishi ana wajibu wa kutenda kwa maslahi ya aliyemteua. Kuitumia kumkopea mtu deni ambalo fedha zake unazichukua wewe, huku mkishtakiana, ni kumpa wakili wa upande wa pili hoja iliyokamilika.

Hatua ya nne: Kama umekwishafanya

Acha kuitumia akaunti hiyo leo. Usiifunge kwa haraka, usifute barua pepe, usibadilishe simu, usichane taarifa za benki. Kuharibu ushahidi kunaweza kuwa kosa la pili, na kwa kawaida ni rahisi kulithibitisha kuliko la kwanza. Benki huhifadhi kumbukumbu za anwani ya intaneti iliyotumika kuomba mkopo, namba ya simu iliyothibitishwa, mahali kadi ilipotumwa na bidhaa zilikopelekwa, hivyo anayefuta upande wake huwa amefuta nakala tu.

Usimwandikie mwenzi ujumbe mrefu wa kuomba radhi na kueleza kilichotokea. Najua ushauri huu unaonekana kama wa kukwepa ubinadamu, lakini ujumbe ulioandikwa usiku kwa machozi husomwa mahakamani mchana na mtu asiye na machozi yoyote. Nenda kwanza kwa wakili, na uhakikishe kwamba anafahamu jinai, kwa kuwa wakili wa talaka peke yake anaweza kukushauri vizuri kuhusu mgawanyo wa mali na akakuacha wazi upande wa polisi. Mwambie ukweli wote, kwani mazungumzo yenu yana kinga ya siri.

Suala la kwanza la kumuuliza ni taarifa ya fedha ya kiapo. Katika shauri la talaka kila upande hutakiwa kutaja mali na madeni yake chini ya kiapo, na hapo mtu aliyefungua mkopo kwa jina la mwenzake hukwama kati ya mambo mawili: akiuficha anaongeza kosa la kiapo cha uongo, akiutaja anaandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Nchi nyingi humpa mtu haki ya kutojitia hatiani, lakini namna ya kuidai ndani ya fomu ya fedha ni kazi ya kitaalamu, na ndiyo maana wakili anatangulia fomu. Kuficha hakusaidii hata baada ya hukumu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwakubalia wake wawili, katika mashauri tofauti, warudi mahakamani kudai upya mgawanyo wa mali kwa sababu waume wao hawakuweka wazi mali zao kwa uaminifu.

Kulipa deni husaidia. Kunapunguza hasara, kunaonyesha nia njema, na mawakili wanaweza kukubaliana kwamba mkopo huo uhesabiwe upande wako peke yako. Kulipa hakufuti kosa, hata hivyo, na hapa kuna mtego unaowanasa wote wawili: katika nchi nyingi kudai fedha kwa tishio la kwenda polisi, au kupokea fedha ili kunyamazia jinai, kunaweza kuwa kosa lenyewe. Majadiliano ya namna hiyo yapite kwa mawakili, kwa maneno waliyoyapima.

Hatua ya tano: Kama deni limefunguliwa kwa jina lako

Ukiwa katika ndoa yenye vitisho au kipigo, usalama unatangulia barua. Mkopeshaji akipokea malalamiko yako huweza kuifunga kadi siku hiyohiyo, na mtu aliyekuwa akiitumia atajua papo hapo nani amelalamika. Panga basi mahali pa kukaa, anwani mpya ya barua pepe na simu asiyoweza kuifungua, kisha ndipo uanze.

Pata taarifa yako ya mikopo kutoka kila taasisi inayoitunza, si kutoka moja. Nchini Marekani taasisi kubwa ni tatu, yaani Equifax, Experian na TransUnion, na akaunti inaweza kuonekana kwa moja isionekane kwa nyingine. Soma si akaunti tu bali pia orodha ya walioomba kuitazama taarifa yako, kwa sababu ombi la mkopo lililokataliwa halileti deni lakini linaacha alama ya tarehe na jina la mkopeshaji, na alama hiyo ni ushahidi wa jaribio. Mikopo ya simu ikaguliwe ndani ya simu yenyewe na kwa mtoa huduma, maana midogo huchelewa kufika kwenye taasisi za taarifa.

Zuia mikopo mipya. Tangu Septemba 2018 kufungia taarifa za mikopo nchini Marekani ni bure, na ombi linalotolewa kwa simu au mtandaoni linapaswa kutekelezwa ndani ya siku moja ya kazi. Lifanyike katika kila taasisi kivyake. Tahadhari ya udanganyifu, yaani alama inayomtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba anayeomba ni wewe, ni kinga nyepesi zaidi: hudumu mwaka mmoja, na taasisi moja ikiarifiwa huziarifu nyingine. Wakati huohuo badilisha nywila zote, namba za siri, maswali ya siri ambayo mwenzako anajua majibu yake, na anwani zinakopelekwa taarifa za benki. Futa kwa maandishi hati yoyote ya uwakilishi uliyompa, na upeleke nakala ya ufutaji kwa kila benki iliyowahi kuipokea.

Kisha mwandikie mkopeshaji, kwa maandishi, kwamba hukuiomba akaunti hiyo, hukuiruhusu, na hukupokea fedha zake. Omba nakala ya fomu ya maombi, saini, rekodi ya sauti kama ipo, anwani na namba za simu zilizotumika. Usilipe hata rejesho moja dogo "ili kulinda jina" kabla ya kupata ushauri. Katika sheria za uwakala, mtu anayelijua deni, akanyamaza, akalilipa au akanufaika nalo, anaweza kuchukuliwa kuwa ameliridhia baada ya tendo, na mkopeshaji atakuwa na kila sababu ya kusema hivyo. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalowagharimu watu wengi, kwa sababu linafanywa na watu waaminifu wasiopenda kuitwa wadaiwa sugu.

Polisi ni sehemu ngumu zaidi. Wakopeshaji wengi hutaka taarifa rasmi ya jinai kabla ya kuufuta mkopo, na mara nyingi mlalamikaji huambiwa kituoni kwamba hayo ni mambo ya mume na mke, yamalizwe mahakama ya familia. Usibishane kuhusu ndoa. Weka mezani barua ya mkopeshaji, tarehe ya kutengana, na ushahidi kwamba siku ya maombi ulikuwa mahali pengine au hukuwa na uwezo wa kuingia kwenye simu iliyotumika. Marekani imepunguza tatizo hili kwa kiasi: taarifa ya wizi wa utambulisho inaweza kuandaliwa kupitia IdentityTheft.gov, tovuti ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, na taasisi ya taarifa za mikopo inayoipokea pamoja na uthibitisho wa utambulisho hutakiwa kuzuia deni hilo lisionekane ndani ya siku nne za kazi. Amua kwa utulivu kama uko tayari kumtaja mzazi wa watoto wako katika hati hiyo, kwa kuwa huwezi kusema hukujua ni nani huku ukijua.

Usitangaze wizi kwa deni ulilolikubali. Aliyekaa mezani na mwenzake wakachagua kadi pamoja, kisha leo anaapa kwamba hakujua, anatoa taarifa ya uongo, na ujumbe mmoja wa zamani wenye maneno "sawa, endelea" unaweza kuigeuza kesi dhidi yake.

Kati ya aliyeibiwa na aliyekubali yupo wa tatu: aliyetia saini kwa kutishwa, kunyimwa fedha au kulazimishwa. Saini ni yake, hivyo malalamiko ya wizi wa utambulisho hayamkai vizuri, lakini sheria zimeanza kumwona. Texas ililiingiza deni la kulazimishwa katika sheria yake ya wizi wa utambulisho mwaka 2019, na California ilifungua njia ya kulipinga deni kama hilo kuanzia Julai 2023. Uingereza iliufanya udhibiti wa kulazimisha ndani ya familia kuwa jinai mwaka 2015, na mwaka 2021 ikautaja unyanyasaji wa kiuchumi waziwazi katika tafsiri ya unyanyasaji wa majumbani. Mtu wa namna hii aseme hasa yaliyompata, bila kulazimisha hadithi yake iingie katika fomu ya wizi.

Hatua ya sita: Lifikishe suala mbele ya mahakama ya talaka

Mweleze wakili wako wa talaka mara moja, hata kama umekwenda polisi, kwa kuwa mahakama ya familia ina zana ambazo polisi hawana. Inaweza kutoa zuio la mikopo mipya, kuamuru nyaraka za benki ziletwe, kumtwika deni lote aliyelifungua, kufidia upande wa pili katika mgawanyo, na kumtoza mkosaji gharama za wakili. Uaminifu wa mtu aliyeghushi saini ya mwenzake pia hushuka katika kila jambo lingine analolieleza mbele ya jaji huyohuyo, likiwemo la malezi ya watoto.

Lakini hukumu ya talaka ina mpaka ambao watu hugundua wakiwa wamechelewa. Jaji akiandika kwamba deni ni la mume, maneno hayo yanamfunga mume mbele ya mke. Hayamfungi mkopeshaji, ambaye hakuwa mdaawa, yaani mmoja wa pande za kesi. Kama mkataba bado una jina la mke, benki itaendelea kumdai mke, na kinachobaki kwake ni kumrudia mume wa zamani kwa amri ya mahakama. Kwa sababu hiyo malalamiko kwa mkopeshaji na shauri la talaka huenda sambamba, wala moja halichukui nafasi ya jingine.

Hatua ya saba: Funga mianya katika makubaliano

Makubaliano ya mwisho yataje kila akaunti kwa jina la mkopeshaji na tarakimu za mwisho za akaunti, kiasi kilichopo, anayelipa, na tarehe ya mwisho ya kulipa au kuhamishia deni kwa jina lake peke yake. Weka kifungu kinachosema kwamba mkopo wowote usiotajwa utakaoonekana baadaye ni wa aliyeufungua, na kwamba atamlipia mwenzake hasara na gharama zote zitakazotokana nao. Inapowezekana, deni lilipwe kutokana na mauzo ya mali kabla fedha hazijagawanywa, kwani ahadi ya mtu aliyekwisha kughushi saini ni dhamana dhaifu.

Akaunti za pamoja zifungwe au zisimamishwe ili zisipokee matumizi mapya. Nchini Uingereza taasisi za taarifa za mikopo huwaunganisha watu wenye akaunti ya pamoja, na historia ya mmoja inaweza kuangaliwa mwingine anapoomba mkopo, hivyo baada ya kuzifunga ni lazima uombe kutenganishwa rasmi. Endelea kuzifungia taarifa zako hata baada ya hukumu kutolewa, zifungue tu unapoomba mkopo wako mwenyewe, na uzikague tena kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, kwa maana deni lililofunguliwa wakati wa shauri huweza kuchelewa kuonekana hadi litakapouzwa kwa mkusanya madeni.